Mjadala: Je, mganga aruhusiwe katika wodi ya saratani ya damu?

Mkazi wa Sinza: Ndugu zangu, jirani yangu ana mtoto wa miaka sita anayetibiwa saratani ya damu, na juzi muuguzi alimzuia kuingia wodini na chupa ya chai iliyojaa majani yaliyochemshwa. Ikiwa baadhi ya dawa za ugonjwa huo zimetoka kwenye mimea, na nchi hii ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002, kwa nini mganga asisimame kando ya kitanda pamoja na daktari?

Mfamasia wa Ilala: Dawa unayoisema ni vinkristini, ambayo huzuia chembe za saratani zisijigawe, nayo hutoka katika kile kimaua cha rangi ya waridi chenye petali tano, asili yake Madagaska, ambacho hapa mjini tunakipanda uani bila hata kukiuliza jina. Ila gramu moja ya dawa huhitaji takribani nusu tani ya majani makavu, na kwa kawaida mgonjwa hachomwi zaidi ya miligramu mbili kwa mara moja. Anayechemsha konzi ya majani hajui ametoa kiasi gani cha sumu, kwa hiyo anabahatisha na sufuria tu.

Mjukuu wa Mganga, Mbagala: "Anabahatisha na sufuria"? Marehemu babu yangu alipima dawa kwa kifuu kimoja cha nazi maisha yake yote, na hakumpa mtu kabla ya kuionja mwenyewe mbele yake. Hao Wamarekani wenu walijuaje kwamba ua hilo ni dawa ya saratani, kama si kwa kuelekezwa na mababu?

Mzee wa Upanga: Mjukuu wangu, walioanza walikuwa Kanada, Robert Noble na Charles Beer. Waliletewa majani kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kwa ajili ya kisukari. Walipoyajaribu kwa panya, sukari haikushuka, bali chembe nyeupe za damu ndizo zilizopungua, wakaona kwamba huenda yakafaa kwa saratani ya damu. Mababu walielekeza kwenye mmea, lakini ugonjwa walioutaja ulikuwa mwingine.

Mjukuu wa Mganga, Mbagala: Shikamoo mzee, nimekuelewa, na nakubali kuhusu Kanada. Neno la sufuria bado silimezi. Na hao wa Jamaika na Madagaska walilipwa nini?

Dada wa Tabata: Kabla ya kudai malipo, kumbukeni kikombe cha dawa ya mitishamba kilichouzwa Loliondo mwaka 2011, kwa shilingi 500 tu, na wagonjwa walioacha dawa zao kwa sababu yake.

Mjukuu wa Mganga, Mbagala: Dada, babu yangu hakuwahi kuuza kikombe wala kumwambia mtu aache hospitali. Usimtie kwenye foleni ya Loliondo.

Mfamasia wa Ilala: Naomba radhi kwa neno la sufuria, ila hesabu yangu siibadilishi. Vinkristini huvunjwavunjwa na ini, na mmea unaolichelewesha ini kazi hiyo unaweza kuiacha dawa mwilini kwa muda mrefu kuliko daktari alivyokusudia, mtoto akafa ganzi miguuni na kushindwa kutembea sawasawa. Ndiyo maana muuguzi aliizuia chupa ile, wala hakuwa na haja ya kumdharau mganga yeyote.

Mkazi wa Sinza: Mmenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Chupa yenyewe iko hapa kwangu, jirani ameniomba nimtunzie. Majani yametuama chini, na mama mtoto hakumbuki aliambiwa ni mti gani.

Mfamasia wa Ilala: Usiimwage. Jirani aipeleke kwa daktari wa mtoto, na kama tawi la mti huo linapatikana, alichukue pia. Amweleze tangu lini mtoto anakunywa.

Mjukuu wa Mganga, Mbagala: Kaka wa Sinza, nitapita kesho asubuhi niyatazame hayo majani. Huenda nikayatambua.