Nina mashoto ila nilizoeshwa kulia, raketi nishike mkono gani?

Binti_Chumbageni:

Habari zenu wakuu. Nimeanza kujifunza tenisi hapa Dar na kuna kitu kila ninayemuuliza ananijibu lake. Mimi nina mashoto tangu kuzaliwa, ila darasa la kwanza mwalimu alinihamisha kalamu kwa fimbo, na nyumbani kula ni kulia, kupokea kitu kwa mkubwa ni kulia, kwa hiyo leo naandika kulia na mwandiko wangu mzuri tu. Lakini kisu nashika kushoto, nyundo kushoto, na enzi za rede nilikuwa narusha kwa kushoto na wenzangu walikuwa wananiogopa kwelikweli.

Sasa kocha anasema nishike raketi kulia, sababu yake kubwa ni kwamba darasa zima wanashika kulia na yeye mwenyewe ni wa kulia. Nimejaribu kote kote. Kulia fohendi (pigo la upande wa mkono wenye raketi) inatulia, mpira unaenda ninapotaka japo taratibu, ila sevu (pigo la kuanzisha pointi) ndo haiendi kabisa, mkono unakuwa kama sio wangu. Kushoto sevu inatoka yenyewe na mlio wake unausikia, ila fohendi mpira unapaa mpaka nje ya fensi. Bekihendi (pigo la upande wa pili wa mwili) ya mikono miwili naona sawa tu pande zote.

Sitaki nijifunze mwaka mzima afu nianze upya. Nimsikilize kocha au nifuate mkono wangu? Na kuna sheria yoyote inayosema ukichagua mkono huruhusiwi kubadili?

Mzee_wa_Mstari:

Dada hongera kwa kuanza. Nianze na rahisi, sheria haipo. Sheria za tenisi hazijali mkono, unaweza kusevu kwa kushoto na mpira unaofuata ukapiga kwa kulia ukitaka. Sharapova, yule bingwa wa Urusi anayecheza kulia, akizidiwa pembeni alikuwa anahamisha raketi anarudisha kwa kushoto na pointi inaendelea kama kawaida.

Kuhusu mkono wenyewe, achana kabisa na kalamu. Kuandika ni kazi ya vidole, na vidole unaweza kuvifundisha, wewe mwenyewe ni ushahidi. Tenisi ni bega na kiuno, na sevu hasa ni kurusha, ni mwendo uleule wa kuangusha embe kwa jiwe, kiwiko kinapanda, kinatangulia, afu mkono unafyatuka. Ulivyotaja rede umeshajijibu nusu. Fanya hivi, chukua mipira ya zamani, simama mstari wa nyuma, kutoka hapo mpaka wavu ni kama mita 12, rusha kwa kushoto mfululizo afu kwa kulia, na mtu akurekodi kwa simu akiwa pembeni yako. Ukija kuangalia usihangaike na mpira umefika wapi, angalia kiwiko na mguu. Mkono wako halisi mguu wa upande wa pili unapiga hatua wenyewe bila kuambiwa. Mkono wa kufundishwa utaona mtu anasukuma mpira kama anafunga mlango, kiwiko kipo chini na miguu imeganda.

Ken Rosewall wa Australia alikuwa mashoto, baba yake akamfundisha kulia. Bekihendi yake ya slaisi (mpira wa kukatwa) mpaka leo inatolewa mfano duniani, ila sevu ndo ilikuwa sehemu yake dhaifu miaka yote. Mimi nikimuangalia Rosewall naona jibu la swali lako, fohendi inayopaa inarekebishika kwa gripu (namna ya kushika raketi) na mazoezi ya kawaida, lakini sevu iliyokufa kwa sababu bega halijui kurusha utahangaika nayo sana, hasa umeanza ukubwani.

LeftyWaNairobi:

Mimi nacheza kushoto huku Nairobi na nataka nikuongezee kitu ambacho makocha wengi hawasemi. Fikiria pointi kubwa zinachezewa upande gani. 40-30, 30-40, 40-0, adivantaji (pointi moja mbele baada ya 40-40) ya yeyote yule, zote mtu anasevu akiwa upande wa kushoto. Sasa mwenye mashoto akisevu slaisi kutoka hapo mpira unakata kwenda nje, unamtoa wa kulia uwanjani kabisa, tena anaupokea kwa bekihendi, na uwanja mzima nyuma yake umebaki mtupu. McEnroe, mashoto wa Marekani, alikula nayo maisha yake yote. Wa kulia hiyo sevu anayo pia lakini kwake inafanya kazi upande ule mwingine, ambako ukitoa 15-40 pointi za kuvunja gemu (kumshinda anayesevu) hazichezewi.

Afu fohendi ya kushoto ikienda kroskoti (kona kwa kona) inaangukia bekihendi ya wa kulia kila mara. Federer wa bekihendi ya mkono mmoja alipigwa hivyo na Nadal, anayecheza kushoto, pale Paris kwenye French Open, fainali za 2006, 2007, 2008 na 2011, mpira unaruka mpaka begani na hana la kufanya. Na Nadal mwenyewe anaandika kulia! Utotoni alikuwa anapiga mikono miwili kila upande ndo baadaye akabaki na kushoto. Kerber wa Ujerumani pia ni wa kulia kwa kuzaliwa na Wimbledon 2018 kachukua kwa kushoto. Watu wanahamia huko, wewe uliyezaliwa nako unaambiwa utoke? Hapana bana.

Kaka_Mtulivu:

Naomba nipingane kidogo, maana naona wote mnamvuta upande mmoja. Maureen Connolly wa Marekani alikuwa mashoto, akahamishiwa kulia akiwa mdogo, na mwaka 1953 alichukua Grand Slam zote nne (yale mashindano makubwa kuliko yote). Margaret Court wa Australia naye mashoto wa kuzaliwa aliyecheza kulia, mataji 24 ya Grand Slam ya singo (mmoja kwa mmoja). Kwa hiyo kulia sio kifo. Na mashoto anayeshika kulia ana faida moja kubwa, bekihendi ya mikono miwili inasukumwa na mkono wa kushoto, yaani kwake ni fohendi ya pili. Kama dada anacheza kwa afya na kujumuika na wenzake, na fohendi ya kulia tayari imetulia, atafurahia mchezo mapema.

Ila sababu ya kocha siikubali hata kidogo. Mkono unachaguliwa kwa mwili wa mchezaji, sio kwa urahisi wa anayefundisha. Huyo mwalimu wa darasa la kwanza alimfanyia hivyohivyo, na dada asikubali mara ya pili.

Binti_Chumbageni:

Asanteni sana, nimesoma yote. Nimefanya zoezi la Mzee na mdogo wangu akanirekodi. Kulia miguu imeganda vilevile ulivyosema, na kushoto nimejiona narusha rede kabisa. Nimeamua kushoto, na nimeshamwambia kocha kwa adabu, kasema sawa ila nisimlalamikie. Mawili tu, nitamfuatishaje wakati kila kitu anaonyesha kwa kulia? Na mbona ile gripu ya juu (mkanda wa kwenye mpini) inafumuka kila nikicheza, inajikunja kingo vidole vinakwama?

LeftyWaNairobi:

Gripu wamekufungia kwa mzunguko wa watu wa kulia. Raketi yenyewe haina kulia wala kushoto, ila ule mkanda wa juu ufungue wote, uanzie chini kwenye kitako kama kawaida lakini uzungushe kwa kuelekea upande wa pili, uvute huku unazungusha, afu juu funga kwa ile tepu ndogo. Kiganja chako kitakuwa kinaulaza mkanda badala ya kuufumua.

Kocha simama ukimtazama uso kwa uso badala ya nyuma yake. Mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wako, unamfuata kama kioo, na hapo unaona vizuri kuliko wenzako ambao inabidi wageuze kila kitu kichwani. Video za simu zigeuze kushoto-kulia kabla ya kuangalia.

Na ukianza dabo (wawili kwa wawili) tafuta mwenza wa kulia. Wewe upande wa kulia, yeye wa kushoto, fohendi zote zinakaa katikati, mkibadilishana zinakaa pembeni, jaribuni zote muone. Bob Bryan ni wa kushoto na pacha wake Mike wa kulia, wamechukua Grand Slam 16 pamoja.

Mzee_wa_Mstari:

Na mama yako akikuona ukicheza asiwe na wasiwasi, raketi ikiwa kushoto mkono wa kulia upo huru kabisa wa kusalimia watu kwenye wavu. Fohendi ikiendelea kupaa rudi hapa utuwekee video, tuone unashikaje.