Damu ya watu si maji ya mfereji! Acheni kuandika saa za uongo kwenye fomu

Wadau wa maabara, naandika nikiwa bado na koti la kazi, na nimekasirika.

Saa moja hii ya usiku ndipo sanduku limefika kutoka kliniki moja ya Kayole. Tyubu 18 za damu ya utafiti, zenye kifuniko cha zambarau. Fomu zote zinasema damu ilitolewa saa nane na nusu mchana. Watu 18, dakika ileile, muuguzi mmoja! Kijana wa bodaboda ananiambia alilichukua sanduku saa sita mchana, akakwama Jogoo Road kwa mvua. Yeye simlaumu, hakuna aliyemweleza amebeba nini.

Nimezizungusha kwenye mashine ili seli zishuke chini na plazma, yaani maji ya damu, ibaki juu. Plazma 6 zimetoka nyekundu badala ya manjano, yaani seli zimepasuka, hemoglobini imemwagika pamoja na protini nyingine za ndani. Na nani alilaza barafu juu ya tyubu zenyewe? Damu ambayo bado ina seli zake haigandishwi kwa barafu jamani!

Hizo angalau zinaonekana. Kinachoniuma ni zile 12 zinazoonekana safi. Damu ikikaa saa nyingi bila kuzungushwa, chembe sahani (zile za kugandisha damu) humwaga protini zake, PF4 na VEGF, na seli nyeupe zinaweza kuendelea kutoa protini nyingine, IL-8. Mashine itasoma namba tu, haiwezi kujua kama zimetokana na ugonjwa au na jamu. Kesho mtu atatangaza kiashiria cha saratani, kumbe amepima kuchelewa.

Nimempigia msimamizi. "Wewe weka kwenye friza, data tutasafisha baadaye." Utasafishaje wakati saa yenyewe ni ya kubuni? Nyuzi 80 chini ya sufuri haziponyi kilichoharibika, zinakitunza vivyo hivyo.

Mwezi jana nilikuwa kliniki hiyohiyo. Shosho mmoja alidungwa mara tatu, mshipa haupatikani. Akasema, "Toa tu mwanangu, labda itasaidia wajukuu." Tunamjibu nini huyo?

Kwenye fomu zote 18 nimeandika "saa haijulikani", na kwenye zile 6 nikaongeza "seli zimepasuka". Nikiitwa ofisini kesho nitaenda na picha nilizopiga.

Mlio maabara nyingine, kuna mwenye fomu ya kukataa sampuli ambayo mkubwa wake aliikubali na kuitia sahihi? Naomba muiweke hapa usiku huu.