Nimeuziwa "kadi ya grafiki 4GB" hewa hapa Kisumu, na bado jamaa anataka nilipe ibadilishwe

Wakuu, kabla mtu aniambie nitulie, sitatulia. Niko na kibanda cha gemu huku Kondele. PS2 zangu zilikuwa za kitambo, lenzi zimekufa moja baada ya ingine, na hizi lenzi zinauzwa siku hizi zinasoma diski moja zinakataa ya pili. Nikaona niingie emuleta, programu ya kuigiza mashini ya gemu, kompyuta moja ichezeshe PS1 na PS2 niachane na diski kabisa. Kuna jamaa wa kompyuta za ex-UK hapo tao, jina sitaji, akanipatia desktop i5 ya kizazi cha nne, pedi mbili, gemu ndani, "na kadi ya grafiki 4GB", ile ya kuchora picha za gemu. Halafu maneno matamu: "Omera, PS2 yenyewe ilikuwa na memori ya video MB 4 tu, hii ni GB 4, mara elfu moja, itakimbia mpaka uiombe ipunguze."

Hiyo mara elfu ndiyo inaniuma kuliko pesa, juu MB 4 ni kweli! Chenye hakusema ni kwamba zile MB 4 zilikuwa ndani ya chipu yenyewe ya grafiki, njia ya biti 2560, GB 48 kwa sekunde, mwaka wa 2000. Wenye waliunda gemu walijua hiyo kasi iko kwa hivyo wanachora skrini, wanaichukua kama picha, wanaichora tena juu yake, moshi, mwanga, kivuli, mara kadhaa kwa fremu moja na mashini haijali. Sasa emuleta lazima ifanye hayo yote kwa kadi yenye haikutengenezwa hivyo. Ukubwa wa memori si hoja hapo kabisa.

Kazi ikaanza vibaya. Mechi za usiku wachezaji hawana vivuli, wanaelea kwa nyasi kama majini. Menyu iko na mistari myembamba inapita katikati ya majina ya timu. Taa za uwanja zinatoka mbili mbili, picha moja na nyingine imesogea kando kidogo. Na bado pale juu ya skrini imeandikwa spidi 100%, na wateja wanalia mpira unaruka ruka, kijana anapiga shuti anaona goli ishaingia bila kuona mguu.

Nampigia, ananiambia gemu ndio mbovu. Namwambia hata PS1, kuta zinatetemeka ukitembea. Akanyamaza kidogo, akasema hapo kadi inaanza kuungua, nilete na 3,500 aibadilishe.

Nikachukua bisibisi nikafungua kifuniko. Wakuu. HAKUNA KADI. Mahali pa kuchomeka pako wazi, vumbi imekaa ndani ya miaka, hakuna kitu kimewahi kuguswa hapo. Ile 4GB ni grafiki ya ndani ya prosesa, Windows inahesabu nusu ya RAM inaita ya kugawana, na RAM yenyewe ni kijiti kimoja cha 8GB, DDR3-1600, kijiti kimoja hicho kinatoa GB 12.8 kwa sekunde na hapo prosesa nayo inakula. Kama robo ya chenye PS2 ilikuwa nayo kwa chipu yake! Na nafasi ya kijiti cha pili iko hapo kando, tupu, hata hiyo alishindwa kuweka. Sasa niambieni alikuwa anataka kubadilisha kadi gani kwa 3,500?

Hiyo kutetemeka ya PS1 si kuungua kwa kitu chochote. PS1 ya 1994 ilikuwa inahesabu kona za umbo kwa namba kamili bila desimali, haina memori ya kujua kipi kiko mbele kipi kiko nyuma, na picha za kuta inazibandika bila kufuata umbali, ndio maana zinapinda. Ilitetemeka hata kwa TV ya mamangu, tulikuwa tunaiona tu kawaida. Ukitaka itulie, DuckStation, emuleta ya PS1, iko na tiki inaitwa PGXP. Tiki moja, bure.

Nikaingia kwa seting za PCSX2, emuleta ya PS2, nikapata uchafu wote. Resolusheni amepandisha mara tatu ndio demo ing'ae dukani, na hiyo ndiyo inaleta mistari na taa mbili, juu gemu inasogeza picha nusu pikseli kwa kipimo cha zamani na wewe umebadilisha kipimo. Blending, yaani kuchanganya rangi, ameweka ya chini kabisa. PS2 inachanganya rangi kwa njia yake, kwake 128 ndiyo moja kamili kwa hivyo inaweza kupita mpaka karibu mara mbili, kadi ya kompyuta inakata kwa moja, emuleta inabidi ihesabu yenyewe pikseli kwa pikseli na ni kazi nzito, sasa yeye akaizima, vivuli vikaenda. Halafu ile EE Cycle Skip amepandisha, hiyo inafanya mashini iruke kazi huku ikionyesha 100%. Ni uongo wa makusudi huo, mtu hawezi kuweka hiyo kwa bahati mbaya. Nilibonyeza F9 ichore kwa prosesa peke yake bila grafiki, vivuli vikarudi palepale, sema spidi ikashuka.

Na leseni! Alinichaji 1,500 ya "leseni ya mwaka" ya PCSX2. PCSX2 ni ya bure, kila mtu anashusha.

Wale wa "si ununue PS4", asanteni, wateja wangu wanalipa 20 bob kwa mechi, pigeni hesabu mniambie itarudi lini.

Nimerudi dukani nikaambiwa mali ikitoka hairudi. Sawa. Risiti ninayo, ameandika kwa mkono wake "graphics card 4GB", na sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 haimruhusu kuuza kitu hakiko. Kuna mtu hapa amewahi kupeleka mtu mahakama ya madai madogo, ile ya mpaka milioni moja? Inachukua muda gani na nahitaji nini zaidi ya risiti na picha za hiyo nafasi yenye vumbi? Na mwenye anauza kijiti cha DDR3 8GB hapa Kisumu aseme bei hapa hapa kwa uzi, si inbox, na nitakipima mbele yake.