K1-60 inaganda ikichanganywa na maji ya kisima

Fundi_Embakasi: Wakuu, K1-60 (emalsheni: matone ya lami ndani ya maji, lami 60%) ya kushikiza tabaka za barabara tunaizimua nusu kwa nusu kabla ya kunyunyiza. Kwa maji ya mfereji inakaa sawa. Kwa maji ya kisima cha saiti (pH 8.4) inatoa mapovu, inageuka kutoka kahawia kuwa nyeusi, kisha madonge yanaziba nozeli. Emalsheni ni mbovu?

Mkemia_Ruaraka: Emalsheni ni nzima. Hayo mapovu ni kaboni dioksidi. Visima vingi vya Nairobi vina bikaboneti ya sodiamu tele, na K1 hutengenezwa kwa maji yenye asidi hidrokloriki, pH 2 hadi 3. Piga hesabu: pH 2 ni milimoli 10 za asidi kwa lita. Maji yenye bikaboneti 610 mg/L nayo yana milimoli 10. Tena lita ya K1-60 ina maji kama 0.4 tu, kwa hiyo asidi inamalizwa mapema.

Matone ya lami hayagusani kwa sababu amini (kemikali ya kuemalshisha iliyomo ndani yake) imeyavika chaji chanya, yanasukumana. pH ikipanda, amini inapoteza chaji, na asidi zilizomo kwenye lami yenyewe zinaachia hidrojeni na kubaki hasi. Chanya na hasi zikifutana, nguvu za van der Waals (mvutano hafifu kati ya matone) zinabaki peke yake. Hizo huvuta tu.

Saiti_Rongai: Basi si atumie kilainishi cha maji atoe kalisiamu?

Mkemia_Ruaraka: Hapana, atatupa pesa. Kalisiamu husumbua emalsheni yenye chaji hasi. Kwa K1 ogopa salfeti. Kilainishi kinabadilisha kalisiamu kwa sodiamu, bikaboneti inabaki palepale.

Kama ni bauza moja tu, leta maji ya mfereji, yamekwisha. La sivyo, mimina asidi kwenye maji (kamwe si kinyume), ndani ya tangi la plastiki, maana mabati yataliwa. Kwa kisima cha mfano huo, asidi ya 32% ni takriban lita 1.3 kwa lita 1,000 kufika pH 2.5. Vaa glavu na miwani. Acha mapovu yaishe, pima pH tena, ndipo uyaongeze maji polepole kwenye emalsheni. Anza na ndoo moja, iache saa moja, uichuje.

Fundi_Embakasi: Na iliyokwisha ganda tangini, nikiongeza asidi?

Mkemia_Ruaraka: Haifufuki. Matone yakishaungana asidi haiyatenganishi. Itoe leo, nozeli uzioshe kwa dizeli.