Kaunta buku, Excel au programu ya kulipia: frilansa wa Uganda mnaweka hesabu wapi?

KalamuNtinda
Salaam wote. Mimi ni mtafsiri wa Kiingereza, Kiswahili na Luganda, naishi Ntinda. Huu ni mwaka wangu wa tatu bila mwajiri. Pesa zangu huja kwa njia tatu: mashirika hulipa benki, wateja wadogo hutuma kwa simu, na kuna mteja mmoja wa Ujerumani anayelipa kwa Payoneer, huduma ya malipo ya mtandaoni. Hesabu zangu hadi leo ni SMS za MTN pamoja na kichwa changu. Juni imeisha na mwaka wa kodi nao, nimeketi nijue mwaka mzima nimepata kiasi gani, nikashindwa. Si kwamba ni kidogo. Sijui tu.

Nimeshauriwa mambo manne: kaunta buku, Excel, programu ya kulipia kila mwezi, au mhasibu. Aliyetumia mbili au zaidi aniambie ipi ilimshinda na kwa nini. Tafadhali, asije mtu na "inategemea".

NasserChapa
Inategemea 😄

Haya, sikiliza. Nachora na kuchapa kadi na mabango pale Nasser Road. Wateja wangu wamesimama mlangoni, mmoja ana elfu hamsini mkononi, mwingine anasema atatuma jioni. Saa hiyo nani atafungua kompyuta? Kaunta buku, basi. Ukurasa wa kushoto pesa zinazoingia, wa kulia zinazotoka, na mstari mwekundu kila Jumamosi jioni. Umeme ukikatika daftari halizimiki.

Kilichonishinda ni kulitunza. Daftari la miezi saba lilibaki kwenye boda Wandegeya, mpaka leo. Siku hizi kila Jumapili napiga picha kurasa za wiki, najitumia kwa WhatsApp. Na kujumlisha kwa mkono kunachosha, sitakuficha.

BusiaMpakani
Mimi niko Busia, nina laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na napokea shilingi za nchi zote mbili. Kaunta buku lilinivuruga wiki ya kwanza kwa sababu nilikuwa najumlisha 3,000 ya Kenya na 3,000 ya Uganda kama ndugu mapacha.

Natumia Google Sheets kwenye simu. Kila malipo yana tarehe, mteja, kiasi kwa sarafu yake, bei ya sarafu siku hiyo, kisha kiasi kwa shilingi ya Uganda. Bei ya siku hiyo, siyo ya siku unayokumbuka kuandika. Na kwa huyo Mjerumani wako: ukimdai 200 na zikafika 190 baada ya makato, andika 200 upande wa mapato na 10 upande wa matumizi. Ukiandika 190 peke yake, hutajua kamwe njia hiyo ya malipo inakula kiasi gani kwa mwaka.

Haikunigharimu kitu ila bando.

WavutiMbarara
Natengeneza tovuti. Nilitumia programu moja ya kulipia karibu mwaka mzima. Sifa yake kubwa ni ankara: zinajipa namba zenyewe, na mteja akichelewa inamkumbusha bila mimi kuona haya. Kwetu kumdai mtu mzima anayekuita "mwanangu" ni kazi, kwa hiyo kuna thamani hapo.

Niliacha kwa sababu mbili. Inatozwa kwa dola hata mwezi ambao sikupata kazi. Pili, pesa zangu nyingi hupita kwenye simu, na ile haikuweza kuzivuta, kwa hiyo nilikuwa nachapa kila muamala kwa mkono. Yaani nalipia Excel. Kama pesa zako zote zingekuwa benki, ningekwambia lipa.

HesabuJinja
Nivumilieni, nimestaafu na nina muda.

Wanangu, mnabishania chombo. Mimi nauliza safu gani zimo ndani. Kalamu, wewe unafanyia mashirika kazi. Mengi yameteuliwa kuzuia kodi: malipo yakizidi shilingi 1,000,000 hukata 6% kabla ya kukulipa. Ankara yako ni ya 2,500,000, benki inaingia 2,350,000. Frilansa karibu wote wanaonijia huandika kwamba wamepata 2,350,000. Sivyo. Umepata 2,500,000, na zile 150,000 ni kodi uliyokwisha kulipa. Ziko URA, mamlaka ya mapato, kwa jina lako, mradi mteja amezipeleka kwa TIN yako, namba ya mlipakodi, na kukupa cheti. Usipokuwa na cheti, siku ya kupeleka ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka, unazilipa mara ya pili. Na mteja akikwambia "tugawe ankara vipande vya laki tisa tusikatwe", kataa. Sheria inatazama kazi nzima.

Basi daftari lako, liwe la karatasi au la kompyuta, linahitaji safu mbili ambazo sijaona hapo juu: kiasi kilichozuiwa, na "cheti kimefika?" ndiyo au la. Mhasibu ukimpelekea SMS tupu atakulipisha kwa kuzipanga tu.

NasserChapa
Mzee, sisi wa laki mbili mbili hatukatwi hiyo. Tunaandika ya nini?

HesabuJinja
Swali zuri, ssebo. Mauzo yako kwa mwaka yakiwa kati ya milioni 10 na milioni 150, uko kwenye kodi ya biashara ndogo. Tuseme umeuza milioni 24. Asiye na kumbukumbu za hesabu kwenye ngazi hiyo ya mauzo analipa 80,000. Mwenye kumbukumbu analipa 0.4% ya kile kilichozidi milioni 10, yaani 56,000. Tofauti ni 24,000. Si utajiri, lakini kaunta buku umeshalinunua.

Juu zaidi pengo linakua. Kwa mauzo ya milioni 60, bila kumbukumbu ni 400,000, na kwa kumbukumbu ni 240,000.

Ila mpango huo hauwahusu watu wa taaluma: mawakili, wahandisi, wahasibu, madaktari na wenzao. Kalamu, kabla hujajiweka popote, nenda ofisi ya URA uulize kazi yako iko kundi gani. Ukiwekwa upande wa taaluma, kodi inatozwa kwenye faida, na hapo risiti za matumizi ndizo pesa zenyewe. Faida ikipita 4,920,000 kwa mwaka, kila shilingi ya juu yake inatozwa 30%. Risiti ya intaneti ya 100,000 ukiipoteza, umepoteza 30,000. Zitunze miaka 5.

PichaGulu
Hakuna aliyetaja amana. Napiga picha za harusi. Bi harusi analipa nusu mwezi wa tatu, harusi ni mwezi wa nane. Mwaka juzi nilizila zile nusu zote, halafu msimu ulipofika sikuwa na pesa za mafuta wala za kumlipa msaidizi. Nilikopa kwenye sako yetu ya akiba na mikopo ili nifanye kazi niliyokwisha kulipwa! Sasa kwenye Excel nina rangi: njano ni pesa ya mtu, kijani ni yangu. Harusi ikipita, njano inageuka kijani.

Jambo jingine dogo: ukitoa pesa kwa wakala kuna ushuru wa 0.5% juu ya ada yao. Milioni moja, elfu tano imekwenda. Kwa hiyo umeme, maji na msaidizi nalipa moja kwa moja kwenye simu, na kila malipo yanaacha SMS ya kunakili. Pesa taslimu ndiyo inayonipotezea hesabu. Naitoa leo, kesho sikumbuki ilikwenda rolex, ile chapati ya mayai, au ilikwenda betri.

BusiaMpakani
Rolex ni matumizi ya kazi, dada. Mzee wa Jinja athibitishe.

HesabuJinja
Siyo.

WavutiMbarara
😂😂

Kalamu, laini ya pili. Wateja watume huko, matumizi ya nyumbani yabaki kwenye ile ya zamani. Nimefanya hivyo tangu Januari, na kuomba taarifa ya miamala ya mwezi imekuwa rahisi kwa sababu hamna mia tano za shangazi humo ndani. Kuhusu mhasibu, mimi namwona mara moja kwa mwaka, wa ritani tu. Wa kila mwezi sijamwezea.

KalamuNtinda
Mwebale nnyo, asanteni sana. Nimekaa siku mbili na taarifa ya benki. Nimechukua Sheets ya Busia, nikaongeza safu za mzee na rangi za Gulu. Kaunta buku dogo liko mkobani kwa ajili ya taslimu, Nasser asikasirike.

Matokeo: mwaka uliopita nilikuwa na ankara nne zilizozidi milioni. Zote zilikatwa 6%. Vyeti nilivyonavyo ni viwili. Vinavyokosekana ni vya 150,000 na 84,000, jumla 234,000. Nimepigia shirika la kwanza, wamekuta waliandika TIN yangu na tarakimu moja kombo, wanarekebisha. La pili wananiambia aliyekuwa anashughulikia malipo ameondoka na niandike barua. Mzee, ritani ya mwisho ni 31 Desemba, siyo? Nina muda?

HesabuJinja
Ndiyo, 31 Desemba. Barua iandike leo, ambatisha nakala ya ankara na ukurasa wa benki unaoonyesha kiasi kilichoingia. Usitume barua pepe peke yake. Peleka kwa mkono, na nakala yako wakugongee muhuri wa kupokelewa.