"Gridi ni gridi": huyu bwana tumfanye nini?

Wakuu, nimetoka kikaoni Njiro sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ameitazama kazi yangu ya miezi minne mbele ya wageni akasema: "Gridi ni gridi," yaani eti haijalishi eneo umeligawa katika vipande vya namna gani.

Kazi yenyewe ni modeli ya kompyuta ya madini ya floraidi katika maji ya chini ya ardhi, miteremko ya Meru. Nimeijenga kwa vipande vyenye nyuso nne za pembetatu, ambavyo kisimani vina upana wa nusu mita na pembezoni vinafika mita mia, kwa kuwa mabadiliko yote makali yako kisimani. Ili kuichora, kila mwale wa kutazama unaopenya modeli niliufuatisha kipande kwa kipande: unaingia kwa uso huu, unatokea kwa ule, unapokewa na kipande jirani, huku ukikusanya rangi njiani. Jana usiku yeye akaihamishia data yote kwenye michemraba ya mita ishirini, eti ichoreke haraka. Ule utepe mwembamba uliozidi kikomo cha maji ya kunywa cha miligramu 1.5 kwa lita, ambao ndio hasa wageni walikuja kuuona, ukayeyuka, na ukutani likabaki rundo la matofali. Nilipouliza utepe uko wapi, alinijibu huku akitafuna sambusa: "Gridi ni gridi."

Mchimba_Visima: Pole, lakini nawe umezidi kulia. Michemraba ya nusu mita katika eneo la kilomita mbili kwa mbili, kina mita 200, ni bilioni 6.4. Kompyuta yenu ingeivisha mtori.

Mleta uzi: Ndiyo maana sikutumia michemraba! Na alikuwa anatafuna sambusa!

Binti_Sakina: Afadhali wako. Wa kwetu anatumia njia ya Shirley na Tuchman ya mwaka 1990, ambayo kila kipande kinalazwa kwenye kioo kama pembetatu moja hadi nne, ila hapangi vipande kutoka nyuma kuja mbele. Ukiizungusha picha kidogo, mwamba wa chini unarukia juu ya udongo.

Mzee_wa_Usa: Binti, hata ukipanga utakwama. Mimi tangu Jumatatu nina vipande vitatu, cha kwanza kinakiziba cha pili, cha pili kinakiziba cha tatu, na cha tatu kinakiziba cha kwanza.

Mleta uzi: Jamani, sambusa!

Binti_Sakina: Mzee, shikamoo. Hapo ulikikata kipi ili kuuvunja huo mzunguko?