SR500 ya 1981, muuzaji anasema "ni kabureta tu": nichukue au nipite?

Mguu Mmoja (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za wakati huu. Naomba ushauri kabla sijafanya jambo la kujuta.

Mwaka wa nne huu naendesha pikipiki ya cc 125, ya kwenda kazini na kurudi. Haijawahi kunisumbua, na wala sijawahi kuipenda. Juzi nimeenda kuona Yamaha SR500 ya mwaka 1981. Tanki jeusi, spoki zimeanza kushika kutu, siti imeshonwa upya na mtu ambaye cherehani si fani yake. Imelala chini ya turubai miaka sita, mwenyewe kaiamsha mwezi uliopita. Inawaka, ila ikiwa sailensa (inaunguruma imesimama, bila kuvuta mafuta) haitulii: inapanda, inashuka, inazima. Anasema, "Ni kabureta tu hiyo, isafishwe." Bei naimudu, ila nikishalipa nabaki na akiba ndogo.

Najua ni silinda moja, na ni ya kiki, haina stata. Basi. Kwa hiyo nauliza: nikirudi kuikagua nianzie wapi? Na pili, nasikia wenye hizi mashine wana umoja wao, wanatembea pamoja na kusaidiana spea. Mtu anaingiaje huko bila kuonekana kafuata sifa?

Nawasilisha.

Chuma Chakavu

Kama ni kabureta tu, kwa nini hajaisafisha? Kazi ya nusu siku hiyo. Pita mkuu.

Mzee wa Tochi

Chuma, usimtishe kijana. Wapo watu wana mashine na hawana muda, wengine magoti yamegoma. Lakini swali lako ni la haki. Mguu Mmoja, muulize hivyo hivyo uso kwa uso, kisha nyamaza, mwache aongee yeye. Maneno yakizidi, ujue.

Mpigie kabla hujaenda, mwambie asiiwashe mpaka ufike. Ukifika weka kiganja kwenye injini kabla hata hamjamaliza kusalimiana. Ikiwa ya moto, kuna jambo hataki ulione, na mara nyingi ni jinsi inavyowaka ikiwa baridi.

Halafu fungua tanki, mulika ndani kwa tochi. Tanki lililokaa miaka sita lisipokuwa limejazwa mafuta mpaka juu linaota kutu kwa ndani. Ukiona vumbi jekundu, hata kabureta isafishwe mara kumi itaziba tena wiki ijayo, maana uchafu unatoka juu.

Hiyo ya kupanda na kushuka, mimi kabureta naiweka namba mbili. Kuna kipande cha mpira kati ya kabureta na hedi, kile kichwa cha silinda. Kikizeeka kinapasuka nyufa nyembamba, injini inavuta hewa isiyopitia kabureta, ndiyo hiyo sailensa ya ulevi. Kikunje kwa vidole, mulika. Nyufa zipo? Umempata mgonjwa, na dawa yake ni ndogo.

Oili sasa, hapa wengi wanaharibu. SR haihifadhi oili chini ya injini kama hiyo 125 yako, oili inakaa ndani ya fremu. Ikisimama siku nyingi inachuruzika taratibu kuingia kwenye injini, ukichomoa kijiti unakuta kikavu. Mtu anashtuka, anaongeza lita nzima. Akiiwasha, ile iliyokuwa chini inarudishwa juu, oili inazidi, moshi unatoka, fundi anamwambia "ringi zimekufa". Hazijafa! Iwashe, ipate joto, izime, ndipo upime.

Na usiridhike kuiona inawaka. Iendeshe nusu saa, izime, iwashe ikiwa bado moto. Koili za zamani, zile za umeme wa kuwashia, waya zake zinachoka kwa ndani: baridi zinafanya kazi, zikipata joto zinakata, zikipoa zinarudi kama hakuna kilichotokea. Ugonjwa huo hauonekani kwa mtu aliyeendesha dakika tano.

Gia ya Nne

Mzee kamaliza. Mimi naongeza namba tu. Ya fremu iko shingoni karibu na usukani, ya injini iko kwenye injini. Zisome kwa macho yako ulinganishe na kadi, usisomewe. Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia: namba ya injini haikufanana na kadi, na muuzaji simu yake haijapatikana tangu siku hiyo.

Spea zisikutie hofu. Ndugu yake SR400 ilianza pamoja nayo mwaka 1978 na imetengenezwa mpaka 2021, vitu vingi vinaingiliana. Si vyote. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 87, lakini mwendo wa pistoni ni 84 kwenye 500 na 67.2 kwenye 400. Kwa hiyo ukiambiwa krenki ya 400, ile shafti inayosukumwa na pistoni, "inakaa tu", shukuru uondoke.

Kuhusu umoja: nenda kabla hujanunua. Nenda na hiyo 125 yako, hakuna atakayekucheka, nusu yetu tulianzia huko. Usifike ukiuliza nani anauza. Fika, shika taa mtu akifungua injini, uliza unachokiona. Sisi tuna pula moja, chombo cha kuvulia flaiwili ya injini, inayozunguka kwa watu kumi na tano. Aliyeitumia mwisho ndiye anayempelekea anayefuata, na ikirudi na oili mikononi tunamjua ni nani. Ukishawahi kuibeba hiyo pula hakuna atakayekuita mgeni.

Bi Spoki

Naona wanaume mmesahau kiki. Mguu Mmoja, jina lako linanitia wasiwasi 😂

Nina kilo 54 na naiwasha SR500 yangu kila asubuhi. Nguvu haina kazi pale, kazi ni kujua pistoni imesimama wapi. Upande wa kulia wa hedi kuna kidirisha kidogo cha kioo. Kanyaga kiki polepole mpaka igome, hapo kompresheni imekukamata. Bana kile kiwiko kidogo kilicho chini ya klachi, kinaachia pumzi, sogeza kiki taratibu mpaka alama itokee kidirishani. Achia kiwiko. Rudisha kiki juu. Sasa kanyaga mara moja, mpaka chini kabisa, na mkono wa kulia usiguse mafuta. Ukiikanyaga nusu nusu kwa woga itakurudishia, na kisigino kitakumbuka. Vaa buti, si kandambili.

Muuzaji naye mtazame anavyoiwasha. Akiirukia rukia mara kumi na tano huku anavuta mafuta, ama mashine ni mbovu, ama hakuwahi kuijua.

Chuma Chakavu

Haya, Bi Spoki kanilainisha. Ila asiende peke yake. Mtu akiipenda mashine hasikii kelele za valvu.

Mguu Mmoja

Wakuu, mrejesho. Jumapili nilienda kwenye mkutano wao na 125 yangu, nikashikishwa taa saa mbili nzima. Jana mmoja wao kanisindikiza kwa muuzaji.

Kiganja: moto. Jamaa akasema "niliipasha kidogo tu". Mwenzangu akasema hakuna neno, tutasubiri, akakaa kitako kwenye kivuli. Tulisubiri saa mbili na nusu. Ilipopoa nikaulizwa kama nataka kujaribu mimi. Kidirisha kilikuwa kimechafuka, nikakifuta kwa shati. Kiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ikawaka, jamani.

Mpira una nyufa kama kisigino cha mkulima. Tanki lina kutu upande wa kushoto, si nyingi. Namba zote sawa na kadi. Tumezunguka nusu saa, ikazimwa, ikawaka ikiwa moto kwa kiki moja, ya mwenzangu lakini. Muuzaji kashusha bei ya mpira na ya kusafisha tanki, nimelipa.

Pula iko kwa nani wiki hii?

Gia ya Nne

Iko kwangu. Lakini huihitaji bado, anza na mpira. Hongera.

Bi Spoki

Buti ulivaa?

Mguu Mmoja

Raba. Nachechemea.